Vitabu vya kemia kaboni: kipi kwa mwanafunzi yupi?

Swali: Nimepewa jukumu la kuchagua vitabu vya kemia kaboni kwa ajili ya maktaba ndogo ya idara. Watakaovitumia ni wanafunzi wanaomaliza sekondari na kujiandaa kuingia chuo, wanafunzi wa mwaka wa kwanza na wa pili wa shahada ya kwanza, ambao baadhi yao wanasomea baiolojia na famasia, pamoja na wachache wa uzamili. Fedha zilizopo haziwezi kununua vitabu vingi. Mwenzangu anashauri tununue nakala nyingi za kitabu kimoja kikubwa ambacho kitawafaa wote. Je, ushauri huo ni sahihi? Na je, matoleo ya zamani, ambayo hupatikana kwa bei ya chini, bado yanafaa?

Jibu: Mwalimu, mwenzako ana hoja moja ya kweli. Nakala nyingi za kitabu kimoja humwezesha mwalimu kutaja ukurasa na darasa zima likaufungua. Lakini hoja hiyo inahusu urahisi wa kufundisha, ilhali maktaba huwekwa kwa ajili ya mwanafunzi anayesoma peke yake, bila mtu wa kumwuliza pale anapokwama. Kwa hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni hapana. Wengi hudhani kwamba vitabu hutofautiana kwa ugumu tu, kana kwamba mwanafunzi wa chini anaweza kusoma nusu ya kwanza ya kitabu kikubwa na wa juu akasoma nusu ya pili. Tofauti iliyo muhimu zaidi ni kwamba kila ngazi huuliza swali lake kuhusu mmenyuko uleule, na kitabu kilichoandikwa ili kujibu swali moja hujibu mengine kwa shida, hata kikiwa na kurasa 1,200.

Mfano mzuri ni mmenyuko wa aldoli, ambamo molekuli mbili zenye kundi la kabonili (kaboni iliyoshikana na oksijeni kwa bondi maradufu) huungana na kuunda bondi mpya kati ya kaboni na kaboni. Mwanafunzi anayemaliza sekondari anahitaji kwanza kuelewa kwamba oksijeni ya kabonili huvutia elektroni upande wake, hivyo kaboni iliyoshikamana nayo hubaki na upungufu, na upungufu huo ndio unaoifanya ishambuliwe na nyukliofaili, yaani chembe yenye jozi ya elektroni za kutoa. Akilielewa hilo kwa mfano wa sianidi inayojiunga na aldehidi, amepata anachohitaji. Mara nyingi aldoli yenyewe haimo kabisa katika muhtasari wake.

Mwanafunzi wa mwaka wa pili anaulizwa jambo jingine: ni protoni ipi inayoondolewa, na ni besi gani yenye uwezo wa kuiondoa? Hapa tarakimu haziepukiki. Asetoni, ambayo ni ketoni, ina pKa (kipimo cha asidi: ikiwa ndogo, asidi ni kali zaidi) ya karibu 19, na ethanoli ina pKa ya karibu 16; kwa hiyo ethoksidi, besi inayotokana na ethanoli, hugeuza sehemu ndogo tu ya ketoni kuwa enoleti, yaani ketoni iliyopoteza protoni, na mmenyuko hufanyika katika mchanganyiko wenye enoleti chache zilizozungukwa na ketoni nyingi. Ukitumia LDA, besi ambayo asidi mwenza wake ana pKa ya karibu 36, ketoni yote hugeuka kuwa enoleti kabla hujaongeza kitu kingine, nawe unaweza kuleta aldehidi ya aina tofauti baadaye bila kupata mchanganyiko wa bidhaa nne. Kitabu cha ngazi hii ambacho kinaandika neno «besi» juu ya mshale bila kueleza kwa nini besi hii na si ile, kinamwachia mwanafunzi kazi ya kukariri.

Kwa mwanafunzi wa uzamili hayo yote ni mambo aliyokwisha kuyajua, na swali lake ni isoma ipi itakayotawala pale mmenyuko unapozalisha vituo viwili vipya vya stereokemia, yaani mpangilio wa atomi katika nafasi, kwa wakati mmoja. Lazima akutane na modeli iliyopendekezwa na Zimmerman na Traxler mwaka 1957, yenye hali ya mpito ya pete ya atomi 6 katika umbo la kiti, ili aone kwa nini enoleti za umbo la Z kwa kawaida huelekea kwenye bidhaa ya sin (makundi mawili upande mmoja) na za umbo la E kwenye bidhaa ya anti (pande tofauti). Mwanafunzi wa baiolojia, kwa upande wake, hana haja kubwa na kiti hicho. Yeye anapaswa kutambua kwamba kimeng'enya aldolasi, kinachokata fruktosi-1,6-bisfosfati katika glikolisisi (uvunjaji wa sukari ndani ya seli), kinaendesha mmenyuko huohuo kinyumenyume, na kwamba asipoufahamu utaratibu wa aldoli ataikariri glikolisisi nzima kama orodha ya majina.

Kwa sababu hiyo, kipimo cha kwanza ninachokushauri utumie ni kufungua sehemu ya aldoli katika kila kitabu unachofikiria kununua na kujiuliza kinajibu swali la nani. Utagundua haraka kwamba maneno «kwa ngazi zote» yaliyochapwa kwenye jalada hayana uzito mkubwa.

Nianze na wanaomaliza sekondari. Hawa wana kitabu cha kiada kinachofuata mtaala wao, na hicho hakiepukiki kwa sababu ndicho kinachowaandaa kwa mtihani. Tatizo la vitabu vingi vya ngazi hii ni kwamba vimepangwa kama daftari la hesabu za bidhaa: alkani na jinsi zinavyotengenezwa, alkeni na jinsi zinavyotengenezwa, alkoholi vivyo hivyo, kila familia ikiwa na orodha ya vitendanishi vyake, na mwanafunzi anafika chuo akiamini kwamba kemia kaboni ni somo la kumbukumbu. Ukiwa na nafasi ya kuchagua kati ya vitabu viwili vya ngazi hii, tazama jinsi kila kimoja kinavyochora mishale iliyopinda. Katika mmenyuko wa propeni na hidrojeni bromidi, mshale wa kwanza unapaswa kuanzia kwenye bondi maradufu ya alkeni na kuelekea kwenye hidrojeni, na wa pili kuanzia kwenye bondi kati ya hidrojeni na bromini na kuelekea kwenye bromini. Kila mshale unaonyesha mwendo wa jozi ya elektroni, na protoni haina elektroni hata moja ya kutoa. Kitabu kinachoanzisha mshale kwenye H⁺ kinajenga tabia ambayo wahadhiri watahangaika kuibomoa kwa miaka miwili. Tazama pia namna kinavyoeleza kanuni aliyoichapisha Markovnikov mwaka 1870. Ikiwa kinasema tu kwamba hidrojeni huenda kwenye kaboni yenye hidrojeni nyingi zaidi, bila kutaja uthabiti wa kabokatayoni (kaboni yenye chaji chanya) inayoundwa katikati ya safari, kirudishe rafuni.

Kwa wale wanaoelekea chuo kusomea kemia, ongeza kitabu kimoja cha daraja, yaani kitabu chembamba kinachofundisha ustadi mmoja mmoja: kusoma michoro ya mistari, kuchora miundo ya resonansi, kulinganisha asidi, kufuatilia mishale. Mfululizo mwembamba wa David Klein unaofundisha kemia kaboni kama vile mtu anavyofundishwa lugha ya pili unafaa kwa kazi hii kuliko vitabu vingi ninavyovifahamu, na unaendelea kumsaidia mwanafunzi hadi mwaka wa pili. Hauna kina, na wala haudai kuwa nacho. Mtu anayeutumia badala ya kitabu kikuu atajikuta na ustadi wa mkono bila maarifa ya kuutumia.

Ngazi ya mwaka wa kwanza na wa pili ndiyo itakayokula sehemu kubwa ya fedha zako, na ndiyo yenye uamuzi mgumu. Vitabu vikuu vya ngazi hii hugawanyika katika mikondo miwili. Mkondo wa kwanza hupanga sura kwa makundi tendaji, yaani sehemu za molekuli zinazoamua inavyomenyuka, ukianza na alkani na kupanda taratibu kuelekea kabonili na amini. Morrison na Boyd, ambao toleo lao la kwanza lilitoka mwaka 1959, waliingiza taratibu za mimenyuko ndani ya mpangilio huo, na vitabu vingi vilivyofuata vimeshika njia hiyo. Mkondo wa pili hupanga sura kwa taratibu zenyewe: jinsi elektroni zinavyohama, wapi zinatoka na wapi zinaishia, bila kujali sana molekuli ni ya familia gani.

Mfano unaotumika sana wa mkondo wa kwanza ni kitabu cha John McMurry, na wa mkondo wa pili ni kile cha Clayden, Greeves na Warren. Tofauti yao huonekana mara moja katika yaliyomo. Clayden na wenzake wanafundisha ushambulizi wa nyukliofaili kwenye kabonili katika sura ya 6, kabla ya mimenyuko ya ubadilishanaji kwenye kaboni iliyoshiba ambayo inasubiri hadi sura ya 15. McMurry anaanza na alkeni na halidi za alkili, na aldehidi na ketoni zinaingia katika sura ya 19. Naona mpangilio wa Clayden una mantiki zaidi, kwa sababu mmenyuko wa kabonili ni rahisi kuufuata kwa mishale kuliko mashindano ya SN1, SN2, E1 na E2 (njia mbili za ubadilishanaji na mbili za uondoaji) ambayo huwavuruga wanafunzi wengi mapema mno. Lakini maktaba haichagui kwa mantiki pekee. Mhadhiri akifuata makundi tendaji, mwanafunzi mwenye Clayden peke yake atatumia muda mwingi kutafuta mahali mada ya wiki hii ilipofichwa, na akiwa dhaifu atakata tamaa. Muulize basi kila anayefundisha kozi hizo anafuata mpangilio upi kabla hujaagiza chochote.

Kuna jambo linalorahisisha uamuzi huu kwa mwenye fedha chache. Toleo la 10 la kitabu cha McMurry limekuwa likitolewa bure na OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice cha Marekani, tangu mwaka 2023. Mwandishi alichukua hatua hiyo kwa kumbukumbu ya mwanawe, Peter, aliyefariki kwa ugonjwa wa sistiki faibrosisi. Ni kitabu kamili, si dondoo. Kinaweza kupakuliwa, kuwekwa kwenye kompyuta za maktaba na kusomwa na wanafunzi wote kwa wakati mmoja, hivyo lile hitaji la mwenzako la «kitabu kimoja mikononi mwa kila mtu» linatimizwa bila kugusa fungu lako. Lugha yake ni ya moja kwa moja na sura zake si ndefu. Udhaifu wake, kwa maoni yangu, ni kwamba hueleza kinachotokea vizuri kuliko kinavyoeleza kwa nini hakikutokea kingine, na mwanafunzi mwenye kiu huanza kuuona udhaifu huo mwishoni mwa mwaka wa pili.

Hapo ndipo nakala chache za Clayden zinapohitajika. Ukitaka kuona kina ninachokizungumzia, tafuta maelezo ya pembe ambayo nyukliofaili hutumia kuikaribia kabonili. Haiji kwa pembe mraba, bali kwa pembe ya karibu digrii 107 kutoka kwenye bondi ya kaboni na oksijeni, inayoitwa pembe ya Bürgi na Dunitz, kwa sababu elektroni zake zinaingia katika obitali π* ambayo imeinama kuelekea nje, huku zikiepuka elektroni zilizojaa upande wa oksijeni. Kitabu kinachofafanua pembe hii kimempa mwanafunzi sababu ya matokeo mengi ya stereokemia atakayokutana nayo baadaye. Uwe tu na tahadhari moja: katika toleo la 2 la Clayden, la mwaka 2012, mazoezi yaliondolewa mwishoni mwa sura na kuwekwa mtandaoni, na majibu yake yako katika kitabu cha pembeni. Ukinunua kitabu bila hicho cha majibu, umenunua nusu.

Nalikazia hili la mazoezi kwa sababu wanunuzi wa vitabu vya maktaba hulisahau mara kwa mara. Mwanafunzi anayesoma sura bila kuchora chochote huhisi ameelewa, na hisia hiyo hudumu hadi siku ya mtihani. Afadhali kitabu cha wastani chenye maswali mengi na majibu yanayoonyesha kila hatua ya mishale kuliko kitabu bora ambacho majibu yake ni mchoro wa bidhaa ya mwisho tu. Kabla ya kununua kitabu chochote cha majibu, kifungue kwenye swali la kutengeneza esta kwa asidi ya kaboksili na alkoholi: kama uhamishaji wa protoni umeandikwa hatua kwa hatua, ni kizuri, kama hatua tatu zimemezwa na mshale mmoja, mwanafunzi atabaki palepale alipokwama.

Wanafunzi wa baiolojia na famasia wasilazimishwe kubeba juzuu nzima. McMurry ana kitabu kifupi cha misingi na kingine kinachoelekea kwenye matumizi ya kibaiolojia, na chochote kati ya hivyo viwili kinatosha kozi ya muhula mmoja au miwili. Angalia tu kwamba kitabu utakachochagua kinatumia nguvu nyingi kwenye kabonili, amini, asidi na besi, na stereokemia, kwa sababu hizo ndizo mada zinazorudi katika metaboli na katika dawa.

Kwa wanafunzi wa uzamili, acha kabisa kutafuta kitabu kikuu. Kuanzia hapo vitabu hugawanyika kwa kazi, na nakala moja moja inatosha. Kitabu cha Jerry March, kilichotoka kwa mara ya kwanza mwaka 1968 na kuendelezwa baadaye na Michael Smith, hutumiwa kama kamusi: mtu hukifungua akiwa na mmenyuko mahususi kichwani, husoma kurasa mbili, hufuata marejeo yake kwenye makala za awali, kisha hukifunga. Nimeona wanafunzi wakijaribu kukisoma kuanzia sura ya kwanza kwa kuwa waliambiwa ndicho kitabu cha mabingwa, na sijaona aliyefaidika. Cha kusomwa kwa mfululizo ni Carey na Sundberg, chenye juzuu mbili, A ikihusu miundo na taratibu, B ikihusu mimenyuko na usanisi. Fedha zikitosha juzuu moja tu, mwenye msingi dhaifu wa nadharia apewe A.

Hata hivyo, kama ningeweza kununua kitabu kimoja tu kwa ajili yao, ningenunua kile cha Stuart Warren kinachofundisha kupanga usanisi kwa kuivunja molekuli kwenye karatasi kuanzia mwisho kurudi mwanzo, pamoja na kitabu chake cha mazoezi. Mbinu hiyo ya kurudi nyuma iliwekewa misingi na E. J. Corey, aliyepewa Tuzo ya Nobel mwaka 1990, na Warren aliishusha hadi mahali ambapo mwanafunzi wa mwaka wa tatu anaweza kuitumia. Humfunua mtu haraka: anayedhani anajua aldoli huambiwa atengeneze molekuli isiyofanana na aldoli yoyote aliyowahi kuiona, na ni lazima aitambue ikiwa imejificha humo. Ongeza kitabu kimoja cha spektroskopia chenye spektra nyingi za mazoezi, na hapo umemaliza ngazi hiyo. Vitabu vinavyokusanya mimenyuko kwa majina ya wavumbuzi wake vinapendwa sana kwa sababu vinapendeza macho, lakini viweke mwisho wa orodha, kwa kuwa mwanafunzi hukusanya majina na kuacha kemia.

Sasa swali lako la pili. Matoleo ya zamani yanafaa katika mada ambazo hazijabadilika, nazo ni nyingi: asidi na besi, resonansi, stereokemia, ubadilishanaji, kabonili. Kitabu chembamba cha Peter Sykes kuhusu taratibu za mimenyuko, ambacho toleo lake la 6 ni la mwaka 1986, bado kinaweza kusomwa na mwanafunzi wa mwaka wa pili akapata faida kubwa kwa fedha kidogo. Kilichochakaa ni kile kilichovumbuliwa baadaye au kilichochelewa kuingia vitabuni. Njia ya haraka ya kukipima kitabu cha mitumba ni kutafuta jina la Suzuki katika faharasa. Mmenyuko wake wa kuunganisha kaboni kwa kichocheo cha paladi ulichapishwa mwaka 1979 na kuzawadiwa Nobel mwaka 2010, na leo unatumika sana katika maabara za dawa. Kitabu kisichoutaja kinaweza kumfaa mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, lakini si wa tatu. Metathesisi ya alkeni, iliyopata Nobel mwaka 2005, na vichocheo vidogo vya kikaboni, vilivyopata yake mwaka 2021, ni vipimo vingine kwa ngazi ya uzamili. Katika spektroskopia uwe mkali zaidi, kwani vitabu vya zamani vina spektra za NMR (mbinu ya kutambua muundo wa molekuli kwa sumaku na mawimbi ya redio) zilizochukuliwa kwa mashine za 60 MHz, ambamo vilele vinavyoonekana wazi leo vilikuwa vimepandana. Majina nayo huwachanganya wanaoanza: IUPAC, shirika la kimataifa linaloweka kanuni za majina ya kemikali, ilipendekeza mwaka 1993 kwamba namba iwekwe karibu na kiambishi inachokihusu, hivyo kitabu cha zamani kitaandika 2-buteni pale ambapo kipya kinaandika but-2-eni. Ni molekuli ileile, na dakika tano za maelezo kwa darasa zinatosha.

Kwa vitabu vya mazoezi ya maabara, usinunue vya zamani kabisa kwa ajili ya wanafunzi. Vinaelekeza kutumia benzini kama kiyeyusho cha kawaida na tetrakloridi ya kaboni kama kitu cha kuoshea, bila onyo lolote, na benzini husababisha saratani ya damu. Vikiwa vimeshafika katika maktaba yako kama zawadi, vihamishie kwenye rafu ya walimu, ambao wanaweza kuchukua humo wazo la jaribio na kuliandika upya kwa viyeyusho vya sasa kabla halijafika kwenye meza ya mwanafunzi.